Klachi na Udongo Mweusi wa Simiyu

Kabla Simiyu haijawa mkoa mwaka 2012, na kabla lami haijaunganisha Lamadi, Bariadi na Maswa, mvua ndiyo iliyoamua gari liwe na gia gani. Udongo mweusi wa mbugani, unaostawisha pamba, ukilowa hunata kwenye tairi hadi kashata zisionekane.

Dereva wa Land Rover, gari la Uingereza lililozinduliwa Amsterdam mwaka 1948, aliingiza gia nzito mapema, akapita topeni bila kugusa klachi tena. Betri ikifa, vijana walisukuma, akaachia klachi, injini ikawaka. Otomatiki haishtuliwi hivyo.

Range Rover ilipata otomatiki mwaka 1982. Land Cruiser ya toleo la 70, maarufu kama mkonga, ilitoka mwaka 1984; yenye injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2, ikashikilia gia tano za mkono. Klachi yake ikiungua, fundi huteremsha gia boksi hata chini ya mti.

Mwaka 2023 Toyota ilitangaza mkonga wa lita 2.8 wenye otomatiki ya gia sita. Humwepusha dereva mgeni kuunguza klachi. Ila ikigoma kuelekea Pori la Akiba Maswa, spana pekee hazitoshi.