Kampasi bila kura: Lubumbashi, 1971 hadi 1990

Kila fujo zinapozuka katika vyuo vikuu vya Kongo, hoja ile ile hurudi: uchaguzi wa wanafunzi ni mlango wa ukabila, heri wakuu wa chuo wateue wasemaji wenyewe. Wanaoisema si wapumbavu. Wanakumbuka Katanga, mkoa wa Lubumbashi, ya 1992 na 1993, Wakasai walipofukuzwa kwa maelfu chini ya gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza, na wanajua jinsi mituele, yaani vyama vya kusaidiana vya wanafunzi wa asili moja, zinavyogeuka mitambo ya kampeni. Ila wanasahau kwamba Lubumbashi imekwisha kuinywa dawa hiyo.

Mwanzo wa habari hauna ubishi mwingi. UGEC, umoja wa wanafunzi wa Kongo, ulizaliwa 1961 na kupigwa marufuku 1968. Tarehe 4 Juni 1969 wanajeshi waliwaua wanafunzi wa chuo kikuu cha Lovanium walioandamana Kinshasa. 1971 waliotaka kuwakumbuka wakaingizwa jeshini kwa nguvu, na vyuo vikuu vitatu vikaunganishwa kuwa chuo kimoja cha taifa, UNAZA. Pedro Monaville ameisimulia vizuri miaka hiyo katika Students of the World (2022). Ugomvi wangu ni na wale wanaokomea hapo, kana kwamba siasa za wanafunzi zilizikwa pamoja na vyama vyao. Nafasi ya msemaji haikubaki wazi: ilikaliwa na JMPR, vijana wa chama pekee, na kando yake akaketi mpelelezi.

Matunda yake yalionekana Mei 1990. Rais Mobutu alikuwa ametangaza mwisho wa chama kimoja tarehe 24 Aprili. Wiki chache baadaye, wanafunzi wa Lubumbashi waliwakamata na kuwapiga wenzao waliowashuku kuwa majasusi wa serikali. Usiku wa kuamkia 12 Mei umeme ulikatwa, na wavamizi wenye silaha wakaingia katika nyumba za wanafunzi. Serikali ilikiri kifo kimoja. Wengine wakataja makumi, wengine mamia, na hesabu hiyo haijafungwa mpaka leo. Ubelgiji ilidai uchunguzi wa kimataifa, Mobutu akakataa, ushirikiano wa nchi hizo mbili ukasimama. Waliookoka walisimulia neno la siri, “Lititi Mboka”, lililowatenga wenyeji wa Équateur, mkoa wa Mobutu, na wengine. Ukabila ulikuwapo basi, tena wa kuua, na sanduku la kura halikuwapo. Ninavyoona, pasipo msemaji aliyekubaliwa na wote, kila mmoja alilazimika kubahatisha nani anapeleka habari, na njia fupi ya kubahatisha ilikuwa kuuliza mtu katoka wapi.

Tukio moja halijengi kanuni. Jeshi la Mobutu lingeweza kuvamia hata kampasi yenye viongozi waliochaguliwa. Hata hivyo, wapinzani wa kura hawajatuonyesha mfano mmoja wa uteuzi uliotuliza chuo. Wala si kila fujo hutokana na ukabila: Januari 2019 wanafunzi wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, waliandamana kwa kukosa maji na umeme, na baadhi wakauawa kwa risasi za polisi. Bomba kavu halina kabila.

Kuhusu mituele, nakubali nusu. Kampeni ya usiku kwenye nyumba za wanafunzi itabebwa na watu wa asili moja, na itamwacha nje anayelala Kipushi, kilomita 30 hivi kutoka mjini, ambaye jioni yuko njiani. Kwa hiyo kura ianzie kwenye promosheni, yaani darasa la mwaka mmoja wa masomo. Huko shefu wa promosheni hujulikana kwa kazi: anakusanya pesa za silabusi, anamfuata asistenti kuhusu alama zilizopotea, anatangaza tarehe ya mtihani iliyobadilishwa ghafla. Akila pesa hizo, wenzake wa kabila lake nao hukosa silabusi sawa na wengine. Mashefu hao ndio wamchague msemaji wa chuo kizima, mchana, katika ukumbi wa masomo, hesabu ikisomwa mbele ya wote kabla ya magari ya Kipushi kuondoka.