Utoneshaji: Fedha Inapoitafuta Chumvi

Mwenye kisima pwani hungoja ulimi umwambie kama bahari imeingia. Ulimi huchelewa. Kloridi, ile sehemu ya chumvi inayoandamana na sodiamu, huanza kuonjeka inapofika kama miligramu 250 kwa lita; maji ya bahari yana takribani 19,000. Kisima kilichopanda kutoka 60 hadi 200 bado kinanyweka kama maji baridi, na mchotaji hana habari. Namba hizo hutolewa maabara, kwa kazi ambayo wanakemia huiita titresheni.

Kwanza tusichanganye majina. Klorini ni dawa ya kuulia vijidudu. Kloridi ni sehemu ya chumvi iliyokwisha kuyeyuka. Anayepima moja hajapima nyingine.

Njia ya zamani, inayotumika hadi leo, ni ya Mjerumani Karl Friedrich Mohr, ya mwaka 1856. Mpimaji hutia mililita 100 za maji kwenye chupa ya koni, akaongeza kromati ya potasiamu kidogo, maji yakageuka manjano. Juu yake husimama bureti, mrija wa vipimo wenye bomba chini, ikiwa na nitrati ya fedha. Kila tone likidondoka, fedha huikamata kloridi na kufanya ukungu mweupe. Kloridi ikiisha, fedha iliyobaki huigeukia kromati, na rangi nyekundu ya udongo hujitokeza. Hapo ndipo kikomo: mkono hufunga bomba.

Kwa myeyusho wa kawaida wa kazi hii, wenye nguvu ya moli 0.0141 kwa lita, kila mililita hulingana na miligramu 0.5 ya kloridi. Tuseme zimetumika mililita 30.2. Maji yaliyokenekwa, yasiyo na chumvi, nayo hupimwa vivyo hivyo, kwa kuwa macho hayaioni rangi mpaka fedha izidi kidogo. Tuseme yamekula 0.2. Zinabaki 30, yaani miligramu 15 katika mililita 100, au 150 kwa lita. Ulimi usingesema kitu.

Sasa neno lenyewe. Titresheni inatokana na neno la Kifaransa titre, ambalo kwa masonara na wapiga sarafu ni kiwango cha usafi wa dhahabu au fedha. Mwaka 1832 mwanakemia Gay-Lussac aliwapatia wapiga sarafu wa Paris njia ya kuipima fedha kwa kuitonesha maji ya chumvi. Mohr aliigeuza: chumvi ikapimwa kwa fedha. Kwa hiyo jina la asili halizungumzii matone hata kidogo. Linauliza kuna kiasi gani ndani ya mchanganyiko.

Kiswahili, kwa neno utoneshaji, kimeelekea kwenye mkono unaodondosha. Utoneshaji unaeleweka hata kwa asiyewahi kuiona bureti, jambo ambalo titresheni haiwezi. Lakini paa bovu nalo hutonesha, na halipimi chochote. Ndiyo maana napendekeza istilahi kamili iwe upimaji kwa kutonesha, na tonesha ibaki kitenzi cha mezani. Tena kitenzi hicho kina maana ya pili inayofaa hapa: kutonesha kidonda ni kukigusa mahali penyewe kikauma, hata kwa mguso mdogo. Tone la mwisho la bureti ni dogo kama yale yaliyolitangulia, ila limefika kloridi ikiwa imekwisha.