Jeraha Lenye Mionzi Halisubiri

Asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945, bomu la atomiki liliwaua au kuwajeruhi wengi wa madaktari wa Hiroshima. Dkt. Michihiko Hachiya, mkurugenzi wa Hospitali ya Mawasiliano, alilazwa katika hospitali yake mwenyewe akiwa na majeraha mwili mzima.

Madaktari waliosalimika walisafisha na kufunga vidonda kama walivyofundishwa. Wagonjwa walipotapika na kuharisha, ilidhaniwa ni ugonjwa wa kuhara damu. Kisha nywele zikaanza kunyonyoka, na madoa ya damu yakajitokeza chini ya ngozi za watu walioonekana kupata nafuu. Karibu wiki mbili baada ya bomu, hadubini ilifika kutoka Tokyo. Damu ilipopimwa, seli nyeupe zilikuwa zimepungua mno.

Hapo ndipo penye hatari. Mionzi hushambulia uboho, kiwanda cha damu. Seli nyeupe zikiisha, kidonda kilicho wazi huwa njia ya vijidudu, na hakiponi. Mtu ambaye angestahimili kuungua peke yake, au mionzi peke yake, anaweza kufa akipatwa na vyote viwili.

Tarehe 26 Aprili 1986 kinu cha nyuklia cha Chernobyl kililipuka. Wazimamoto na wafanyakazi wa kituo walioumia zaidi walipelekwa Hospitali Na. 6 ya Moscow, chini ya Dkt. Angelina Guskova, aliyekuwa amewatibu wafanyakazi wa kiwanda cha nyuklia cha Mayak miaka mingi kabla. Watu 134 walithibitishwa kuwa na ugonjwa mkali wa mionzi. 28 walifariki mwaka huohuo. Wagonjwa 13 walipandikizwa uboho, lakini wengi wao hawakupona. Vumbi na maji yenye mionzi vilikuwa vimeunguza ngozi zao, na kwa angalau 19 kati ya waliofariki, majeraha hayo ya ngozi yalichangia sana kifo.

Kutokana na mateso hayo, tiba imepata kanuni zake. Kwanza okoa uhai: zuia damu, fungua njia ya hewa. Kisha mvue mgonjwa nguo, maana hapo sehemu kubwa ya uchafu wa mionzi huondoka, halafu mwoshe kwa maji na sabuni. Upasuaji unaohitajika ufanyike na vidonda vizibwe ndani ya saa 36 hadi 48, kabla kinga ya mwili haijaporomoka. Muda huo ukipita, upasuaji usio wa lazima huahirishwa hadi uboho upate nguvu tena, pengine baada ya miezi miwili au mitatu.

Kanuni hizi hazihitaji mitambo ya ajabu. Zinahitaji muuguzi na daktari wanaozijua kabla ya ajali, na wasiomwogopa mgonjwa. Zimegharimu maisha ya watu wengi. Kutozifundisha ni kuwadhulumu.