Majina ya watu yaliyotokana na miti na maana zake

SYLVESTER, Phyllis, Olivia na Tamari si majina mageni katika shule na makanisa ya Nyaramba, Kaunti ya Nyamira. Wazazi wengi huyachagua kwa sababu yanapendeza masikioni au yamo katika Biblia na orodha ya watakatifu. Lisilojulikana sana ni kwamba majina hayo yote manne chimbuko lake ni mti, jani au msitu.

Kujua asili hiyo kuna manufaa. Jina ambalo maana yake imesahaulika hubaki sauti tupu, na mti ambao jina lake limesahaulika ni rahisi kukatwa.

Lugha ya mama

Kwa desturi ya Abagusii, mtoto hupewa jina la jamaa aliyefariki ili aliyetangulia asisahaulike katika ukoo. Majina mengine huhifadhi mahali au hali ya kuzaliwa. Kwamboka hutokana na kitenzi chenye maana ya kuvuka, na aghalabu huhusishwa na mtoto aliyezaliwa mama akivuka mto. Kerubo hutokana na erubo, yaani nyika, na Nyanchera hutokana na enchera, yaani njia.

Kwa kuwa majina haya hurithiwa, Kerubo wa leo huenda alizaliwa hospitalini. Nyika inayotajwa ni ya bibi yake, au ya bibi wa bibi yake. Hivyo jina hutunza mandhari ambayo huenda yamekwisha kugeuka mashamba ya majani chai.

Sarufi ya Ekegusii nayo humweka mtu karibu na mti. Mtu ni omonto na mti ni omote. Kiambishi omo- ni kimoja, kama vile m- ya Kiswahili katika mtu na mti. Tofauti hujitokeza katika wingi: abanto kwa watu, emete kwa miti. Nomino ya aina hiyo inapogeuka jina la mtu, irabu ya mwanzo huanguka. Omogaka, yaani mzee, huwa Mogaka. Omomanyi, yaani mjuzi, huwa Momanyi.

Vilevile miti huacha alama katika majina ya mahali. Omotembe ni mti wenye miiba na maua mekundu ambao wataalamu huuita Erythrina abyssinica. Shina hilo hilo la -tembe husikika katika Getembe, jina ambalo wenyeji hulitumia kwa mji wa Kisii.

Jirani zao Waluo wana Obuya kwa mvulana na Abuya kwa msichana, kutoka neno buya, yaani magugu. Kwa Wakikuyu, jina la kabila zima hukaribiana na mukuyu, yaani mkuyu. Katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, Jomo Kenyatta anasimulia jinsi babu wa kabila hilo alivyoelekezwa na Mungu mahali palipojaa mikuyu. Mahali hapo panaitwa Mukurwe wa Nyagathanga, na mukurwe pia ni mti.

Hata hivyo, si kila jina linalohusishwa na miti lina maana ya mti. Wangari Maathai, aliyeanzisha vuguvugu la Green Belt mwaka 1977 na kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alikuwa na jina linalotokana na ngari, yaani chui.

Pwani na Uislamu

Katika mwambao wa Afrika Mashariki, jina la mti linalofahamika zaidi ni Zaituni, ambalo wengine huliandika Zeituni. Hili ni neno la Kiarabu la mzeituni na tunda lake. Sura ya 95 ya Kurani huanza kwa kiapo cha tini na zeituni, na ndiyo maana jina hilo limepata heshima miongoni mwa Waislamu. Sidra nalo ni mkunazi, mti unaotajwa katika Sura ya 53 kuwa upo kwenye mpaka wa mwisho mbinguni.

Majina ya ubatizo

Wamisionari Wakatoliki walifika Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista wakafungua kituo cha Nyanchwa muda mfupi baadaye. Pamoja na ubatizo yalikuja majina mapya ambayo Abagusii waliyaweka mbele ya yale ya ukoo.

Tamari ni neno la Kiebrania lenye maana ya mtende. Hadasa, jina la pili la Malkia Esta, ni mhadasi. Eloni, mmoja wa waamuzi wa Israeli, jina lake linahusiana na mwaloni. Roda, kijakazi aliyemwacha Petro mlangoni kwa furaha, jina lake ni waridi kwa Kigiriki.

Kutoka Kilatini yamekuja Sylvester, Sylvia na Silvano, yote yakiwa na shina silva, yaani msitu. Laura ni mti wa laureli, ambao majani yake yalifumwa mataji ya washindi. Daphne ni mti huo huo kwa Kigiriki. Phyllis, pia la Kigiriki, lina maana ya majani mabichi ya mti.

Olivia hutokana na oliva, yaani zeituni. Kwa hiyo Olivia wa Nyaramba na Zaituni wa Mombasa wana jina moja, ingawa mmoja alilipata kanisani na mwingine kutoka kwa Waarabu.

Mti wenyewe

Wengi hudhani mzeituni ni mti wa nchi za Biblia pekee. La hasha. Mzeituni wa mwituni huota katika misitu ya nyanda za juu za Kenya. Wakikuyu huuita mutamaiyu na Wamaasai oloirien, na wafugaji hutumia kuni zake kufukizia vibuyu vya maziwa. Mbao zake ni ngumu na mti hukua polepole, hivyo ukikatwa huchukua miaka mingi kurudi.

Katika maeneo mengi ya Kisii na Nyamira, miti ya kiasili imeachia nafasi majani chai na mikaratusi, ambayo hukomaa upesi na kuuzwa kwa kuni na nguzo. Mwaka 2009 John Michuki, aliyekuwa waziri wa mazingira, aliagiza mikaratusi iliyopandwa kando ya mito na chemchemi ing'olewe kwa kuwa hufyonza maji mengi. Mnamo Desemba 2022 serikali ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032.

Mzazi anayetafuta jina ana mambo mawili ya kuuliza: maana yake ni nini, na katika ukoo nani aliyelibeba kabla. Ikiwa ni jina la mti, swali la tatu lafaa kuulizwa na wazee wangalipo: mti huo unaitwaje kwa Ekegusii, na umesalia wapi? Huenda mche wake ukapatikana, ukapandwa na kukua pamoja na mtoto anayeitwa kwa jina lake.