Ndege Anayewaita Warina Asali: Historia ya Mapatano ya Kale Porini

Mwaka 1588, katika mji wa Sofala, pwani ya nchi ambayo leo ni Msumbiji, mtawa wa Kireno aliyeitwa João dos Santos alikutana na wageni wasiotarajiwa kanisani kwake. Ndege wadogo walikuwa wakiingia ndani, wakitua altareni na kudonoa mishumaa. Mishumaa hiyo ilikuwa ya nta ya nyuki, na ndege hao walikuwa wakiila.

Dos Santos hakuishia kuwafukuza. Aliandika kwamba ndege hao hao, wanapoona nyuki msituni, huwatafuta watu, huwaita kwa kelele, na huruka mbele yao mti kwa mti hadi kwenye asali. Watu huchukua asali, ndege hubaki na masega. Maelezo hayo yalichapwa Ureno mwaka 1609. Hivyo ndivyo msomaji wa Ulaya alivyopata habari ya jambo ambalo warina asali wa Afrika walikuwa wakilijua tangu enzi za mababu wa mababu zao.

Sofala ilikuwa miongoni mwa miji ya kusini kabisa ya Waswahili, bandari ya dhahabu iliyofungamana na Kilwa. Kwa hiyo historia hii ina mizizi kwetu, na mpaka leo haijafungwa. Ndege yule bado anaita. Kinachotia wasiwasi ni idadi ya watu wanaojua kumwitikia.

Mwito na mwitikio

Ukimtazama kwa mara ya kwanza, ndege wa asali hana cha kukuvuta. Ana rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijivu, urefu wa kama sentimita 20, na manyoya meupe pembeni mwa mkia. Dume ana koo jeusi na mdomo wa rangi ya waridi. Lakini akimwona mtu, hubadilika. Humsogelea, hutua kwenye tawi la karibu na kuanza kulia kwa mfululizo, sauti kavu kama ya njiti zinazotikiswa ndani ya kiberiti.

Mrina asali hujibu. Ndege huruka, mkia ameutandaza, ule weupe ukionekana wazi kati ya majani, kisha hutua mbele na kuanza tena kuita. Mtu humfuata huku akipiga mluzi au kugonga miti kwa shoka, ili ndege ajue kuwa bado yuko nyuma. Kadiri wanavyokaribia, ndege hutua karibu karibu zaidi na kwenye matawi ya chini zaidi. Wakifika, mlio wake hubadilika, unakuwa wa taratibu, kisha hunyamaza. Hapo anayejua husimama, huinua macho, na kutafuta tundu ambalo nyuki wanaingia na kutoka.

Kazi inayofuata ni ya binadamu. Wayao wa Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, hukusanya kuni kavu, huzizungushia majani mabichi, hufunga kienge hicho kwenye fito ndefu na kukiinua hadi mlangoni mwa nyuki. Moshi huwapumbaza nyuki, na shoka hufungua njia. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, Tanzania, hupigilia vigingi vya mti kwenye shina la mbuyu, kigingi juu ya kigingi, na kuvipanda kama ngazi hadi juu, moto mkononi.

Ndege anajua nyuki walipo, ila hana shoka wala moto. Binadamu ana shoka na moto, ila pori ni kubwa na matundu ya nyuki yamefichika. Kila mmoja ana nusu ya shauri.

Wataalamu wachelewa kufika

Mwaka 1777, Anders Sparrman wa Sweden, aliyekuwa amesafiri Afrika Kusini, alimweleza ndege huyu kwa wanasayansi wa London na kumpa jina la Kilatini. Leo anaitwa *Indicator indicator*, yaani mwonyeshaji. Mwaka 1955 Herbert Friedmann wa Marekani alichapisha kitabu kizima kuhusu jamii hii ya ndege, na ndani yake alieleza kwamba desturi ya kuongoza watu ilikuwa inafifia pale ambapo watu walianza kununua sukari.

Hata hivyo, bado walikuwako waliodhani kuwa habari ya ndege kuongoza watu ni hadithi ya jioni. Aliyemaliza ubishi huo alikuwa Mwafrika aliyezaliwa ndani ya elimu yenyewe. Hussein Adan Isack, Mkenya wa jamii ya Waborana na mtaalamu wa ndege, alifuatana na warina asali wa kwao kaskazini mwa Kenya, akapima walichokuwa wakikisema. Mwaka 1989, pamoja na Heinz-Ulrich Reyer, alichapisha matokeo katika jarida la *Science*.

Waborana walipotafuta nyuki bila ndege, walitumia wastani wa saa 8.9 kupata kundi moja. Walipoongozwa na ndege, saa 3.2. Na asilimia 96 ya makundi waliyoonyeshwa yalikuwa mahali ambapo ndege peke yake asingeweza kula chochote mpaka mtu afungue. Zaidi ya hapo, Isack alithibitisha maneno ya wazee: kwamba ukimsoma ndege vizuri unajua upande wa kwenda, umbali uliobaki, na kwamba umefika. Waborana wana hata mluzi wao maalumu wa kumwita, *fuulido*, unaopulizwa kwenye viganja vilivyokunjwa, kwenye gamba la konokono, au kwenye koma lililotobolewa. Husikika umbali wa zaidi ya kilomita moja.

Mwaka 2016 ikafika zamu ya Wayao. Wao humwita ndege kwa sauti ya kutetemesha ulimi, "brrr", inayofungwa na mguno mfupi, "hm". Mtafiti Claire Spottiswoode na wenzake walitembea porini Niassa wakicheza sauti hiyo kwenye spika, kisha sauti nyingine zisizo mwito. Kwa mwito wa Wayao, uwezekano wa kuongozwa na ndege ulipanda kutoka asilimia 33 hadi 66. Warina asali walipoulizwa kwa nini hutumia sauti hiyo na si nyingine, walijibu kwamba ndiyo waliyofundishwa na baba zao.

Darasa lenye wanafunzi wa aina mbili

Jibu hilo la "tulifundishwa na baba zetu" lina uzito kuliko linavyoonekana, na uzito wake ulidhihirika mwaka 2023. Spottiswoode na Brian Wood, ambaye ameishi na kufanya utafiti kwa Wahadzabe kwa miaka mingi, walilinganisha ndege wa sehemu mbili. Wahadzabe hawatumii "brrr-hm". Wao hupiga mluzi wenye kupanda na kushuka kama wimbo. Watafiti waliwachezea ndege wa Tanzania mluzi wa Kihadzabe na mwito wa Kiyao, wakafanya vivyo hivyo Niassa, kama kilomita 1,000 kusini.

Ndege wa Tanzania waliitikia mluzi wa Wahadzabe zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Wayao. Ndege wa Niassa waliitikia mwito wa Wayao karibu mara mbili kuliko mluzi wa Wahadzabe. Kwa maneno mengine, kila ndege anajua lugha ya watu wa kwao.

Ameijuaje? Hakufundishwa na mama yake. Ndege wa asali hutaga mayai kwenye viota vya ndege wengine, kama keremkerem, na kinda wake hulelewa na wazazi wa kambo wasiojua lolote kuhusu asali wala watu. Basi inaelekea hujifunza baadaye, kwa kusikia, kujaribu na kuona ni sauti gani huishia kwenye nta. Mwalimu wake ni jamii ya watu anaoishi jirani nao.

Ndivyo ajifunzavyo mtoto wa binadamu pia. Kwa Wahadzabe, mtoto wa kiume hupewa upinde mdogo akiwa bado wa miaka michache. Hakuna kengele wala ubao. Anatoka na wenzake kuchuma matunda na kuchimba mizizi, anawaona wakubwa wakipekecha moto kwa vijiti viwili, anajaribu, anashindwa, anachekwa, anajaribu tena. Mluzi wa kumwita ndege anausikia kabla hajaweza kuupiga. Siku atakapoupiga vizuri, ndege atakayemjibu atakuwa ameusikia mluzi huo huo kwa wakubwa zake.

Hata malipo yana mafunzo yake. Wayao humwekea ndege nta juu ya majani mabichi, kama mgeni aliyetengewa sahani. Wahadzabe mara nyingi huificha au kuichoma ile nta iliyobaki, ili ndege abaki na njaa na kuendelea kutafuta. Hata kwa malipo hayo haba, Wood aliona kwamba ndege huwaongezea Wahadzabe kasi ya kupata nyuki kwa zaidi ya mara tano. Katika jamii nyingi za Afrika husimuliwa kisa cha mtu aliyemnyima ndege haki yake, na safari iliyofuata ndege akampeleka kwa chui au nyoka. Watoto husikia kisa hicho wakiwa wadogo, na adabu ya kugawana inaingia pamoja na asali.

Uzi unaoweza kukatika

Wahenga walisema, fuata nyuki ule asali. Lakini anayefuata anahitaji pori la kupita. Katika miaka ya 1960 serikali ya Tanzania ilijaribu kuwakusanya Wahadzabe katika kijiji cha Yaeda Chini ili walime. Wengi walirudi porini. Tangu hapo mashamba na mifugo ya majirani vimeendelea kulimega eneo lao. Wahadzabe leo ni kama 1,000 na ushee, na wanaotegemea pori kwa sehemu kubwa ya chakula chao ni mia chache tu. Mwaka 2011 jamii ya Wahadzabe ilipata hati ya kimila ya ardhi katika bonde la Yaeda, na hatua hiyo imeonyesha kwamba njia ipo pale nia inapokuwepo.

Kwingineko, sukari ya dukani imeondoa haja ya kumfuata ndege, na sheria za baadhi ya hifadhi zimewafungia nje warina asali. Hapa ndipo upekee wa elimu hii unapokuwa pia udhaifu wake. Ujuzi wa kusuka au kufinyanga ukisahauliwa na kizazi kimoja, mjukuu anaweza kuangalia mkeka au chungu cha bibi na kuanza upya. Ujuzi huu una pande mbili. Watu wakiacha kuita, ndege wanaozaliwa hawana wa kujifunza kwake, na mjukuu atakayerudi kupiga mluzi wa babu yake huenda asijibiwe.

Nchini Marekani, Tom Brown alifungua shule ya kusoma nyayo na kuishi porini mwaka 1978 katika jimbo la New Jersey, na shule za namna hiyo zimeenea huko na Ulaya. Watu wazima hulipa ada kujifunza kuwasha moto bila kiberiti na kutambua milio ya ndege, kwa kuwa kwao mnyororo ulikatika zamani na wanajitahidi kuuunga. Juhudi yao ni njema. Ila sisi walimu bado tunao, hai, kwa Wahadzabe wa Yaeda, Waborana wa Marsabit na Wayao wa ukingoni mwa mto Ruvuma, na hawajamwomba yeyote ada.

Wanachohitaji kinajulikana. Ardhi yao ilindwe kwa hati inayoheshimiwa. Hifadhi ziwape njia warina asali wanaojua kuzima moto wao kabla ya kuondoka. Shule za vijiji hivyo ziwaruhusu watoto kutoka na wazee wakati wa msimu wa asali, na siku hizo zihesabiwe kuwa za masomo. Nawe msomaji, kama babu au mjomba wako alirina asali, muulize leo alimwitaje ndege. Kisha toka naye nje, umsikie akiita.