Habari za Ruta na Fayawoli katika Ofisi ya Chama Kikuu

Katika miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, Halmashauri imezungumza mambo mengi: bei ya kahawa, magunia, mizani, na barabara za kufikia ghalani. Lakini liko jambo moja ambalo wanachama wametuuliza mara kwa mara, tena kwa haki, maana fedha iliyobishaniwa ni yao. Ofisi ndogo yenye kompyuta saba, ikiwa imekwisha kununua fayawoli ya kuilinda, je, yahitaji na ruta pia? Ili kujibu, yatupasa kueleza asili ya vyombo hivi.

Ruta ndiyo iliyotangulia kuzaliwa. Tarehe 29 Oktoba 1969 kompyuta ya chuo kikuu cha UCLA, huko Marekani, ilipeleka habari ya kwanza kwa kompyuta ya Stanford Research Institute kwa njia ya mtandao ulioitwa ARPANET. Kati ya kila kompyuta na waya paliwekwa mtambo mkubwa kama kabati, jina lake IMP, uliofanyizwa na kampuni ya BBN. Kazi yake ilikuwa kupokea vifurushi vya habari na kuvipitisha njia ipasayo. Huyo ndiye babu wa ruta. Ulinzi haukufikiriwa sana, kwa kuwa watumiaji walikuwa wachache, nao walijuana.

Hali hiyo haikudumu. Tarehe 2 Novemba 1988 mwanafunzi mmoja wa Cornell, Robert Tappan Morris, aliachilia programu iliyojinakili yenyewe, ikalemea maelfu ya kompyuta. Hata kabla ya siku ile wako waliokwisha kuwaza ulinzi, bali sasa kila mtu alitaka mlango wenye bawabu. Yafaa wanachama wajue kwamba bawabu wa kwanza aliwekwa ndani ya ruta yenyewe: ruta ilipewa amri, kifurushi hiki kipite, kile kikataliwe. Baadaye fayawoli ikafanywa chombo cha peke yake. Mwaka 1994 ilitangazwa namna ya kuwezesha kompyuta nyingi kutumia anwani moja ya nje, na fayawoli zikaichukua kazi hiyo pia. Tangu hapo ndugu hawa wawili wamezidi kufanana. Fayawoli inayosimama kati ya ofisi na intaneti, isipokuwa imefungwa kwa namna ya kuchuja tu, haina budi kujua kila kifurushi kiende wapi. Nayo hiyo ndiyo kazi ya ruta.

Sisi hatukuyajua hayo. Muuzaji alileta hesabu yenye vyombo vyote viwili, nasi tukaipendekeza kwa Halmashauri. Mzee mmoja akauliza, "Bwana Katibu, ghala lenye mlango mmoja lataka wangoja-mlango wangapi?" Wengine walicheka. Tukaazima ruta kwa wiki mbili ili kujaribu, tukaifunga mbele ya fayawoli. Kila chombo kikawa chabadilisha anwani kwa nafsi yake. Vyama vya msingi vilipotaka kusoma daftari la malipo katika kompyuta yetu, habari zao zilikwama kwenye ruta, kwa kuwa haikuambiwa izipeleke kwa fayawoli. Nayo ilikuwa siku ya malipo ya pili ya kahawa. Wanachama waliotoka makwao alfajiri walirudi jioni mikono mitupu. Kosa lilikuwa letu.

Hapana shaka fundi hodari angaliweza kuvipatanisha vyombo hivyo. Lakini tulipouliza ruta ingetufanyia kazi gani ambayo fayawoli haifanyi, hatukupata jibu. Kisanduku cha kampuni ya simu, kigeuzacho mwanga wa waya wa kioo kuwa umeme, ni lazima kibaki, hicho hatukinunui. Ruta ya peke yake yafaa pale ambapo waya wa nje hauingii katika fayawoli, au ofisi ina njia nyingi kupita uwezo wa chombo kimoja. Sisi tuna njia moja.

Iko hasara, wala hatuifichi: chombo hicho kimoja kikiharibika, mlinzi na mwelekezaji wanalala pamoja. Kwa sababu hiyo Halmashauri ilikubali fedha ya ruta inunue fayawoli ya akiba. Imo katika sefu, pamoja na daftari la hisa na karatasi yenye mipango yote ya mtandao. Ruta ya kuazima ilirudishwa kwa mwenyewe.