Mpira Umeingia au Haujaingia? Refa na Mshika Kibendera Wanavyoambizana

Ramadhani moja nilishikishwa kibendera kwenye mechi ya mtaa, usiku baada ya tarawehe. Shuti liligonga mwamba, mpira ukadunda ndani ya mstari, kipa akautoa kwa mkono. Niliona wazi. Nikakimbia kuelekea katikati kama nilivyowaona wakubwa wakifanya kwenye runinga, lakini refa alikuwa akiufuata mpira, hakunitazama. Mchezo ukaendelea, wenzao wakaenda kufunga upande wa pili. Ile timu iliyonyimwa goli ilinizonga mpaka wazee wakanitoa uwanjani.

Baadaye ndipo nikajua nilipokosea. Kwa sheria, ni goli mpira wote unapovuka mstari wote, baina ya milingoti na chini ya mwamba. Ukinasa wavuni, kazi ni nyepesi: refa na msaidizi wake hutazamana, kisha msaidizi hukimbia mita 25 hadi 30 kando ya uwanja kuelekea katikati, kibendera kikiwa chini. Lakini mpira ukiingia ukatoka, na mchezo ukaonekana bado unaendelea, msaidizi huinua kibendera kwanza ili refa amwone, ndipo akimbie. Mimi nilikimbia tu. Na kama mpira haukuvuka wote, wawili hao hutazamana, pengine na ishara ndogo ya mkono, mchezo uendelee.

Hata wakubwa limewasumbua. Fainali ya Kombe la Dunia ya 1966 kule Wembley, refa wa Uswisi, Gottfried Dienst, hakuwa na hakika na shuti la Geoff Hurst. Alimwendea msaidizi wake, Tofiq Bahramov wa Muungano wa Sovieti, na hawakuwa na lugha moja. Kichwa na mkono ndivyo vilivyotoa jawabu: goli. Uingereza iliifunga Ujerumani Magharibi 4-2, na ubishi haujesha hadi leo. Mwaka 2010 kule Bloemfontein, shuti la Frank Lampard dhidi ya Ujerumani lilivuka mstari kabisa. Refa na msaidizi hawakuliona.

Mwaka 2012 teknolojia ya mstari wa goli iliruhusiwa. Saa ya refa humwashiria ndani ya sekunde moja. Lakini Juni 2020, Aston Villa ikicheza na Sheffield United, kipa wa Villa aliuvusha mpira mstarini mikononi mwake na saa ikanyamaza, kwa kuwa wachezaji waliziba kamera. Mechi ikaisha 0-0.

Viwanja vyetu havina saa hiyo. Siku hizi nikipewa kibendera namvuta refa kando kabla ya mechi: ukiingia ukatoka, nitainua; wewe nitazame. Nikiwa sikuona, nitasimama nilipo, usinilazimishe. Juzi kijana mmoja alinijibu, "Sawa mzee, lakini ukiinua usishushe mpaka nipulize."